Mdogo wangu anaanza hesabu za sekondari ya juu, nimchukulie kitabu gani?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mdogo wangu wa kike anaanza sekondari ya juu na amechagua mchepuo wenye hesabu. Mwalimu wao kawatajia vitabu vitano, marafiki zake nao kila mmoja anasifia cha kwake. Hana tuisheni, atakuwa anajisomea mwenyewe jioni, na mimi hesabu niliachana nazo zamani siwezi kumsaidia. Nimchukulie kipi? Kimoja kinatosha au anahitaji vingi? Na nikipata toleo la zamani au PDF inafaa?

Jibu: Marahaba ndugu yangu. Jina la kitabu sikutajii, na usinichukie kwa hilo, maana kitabu kilichomtoa mtu mmoja ndo hichohicho kinamkatisha tamaa mwenzake. Ila kuna kitu umekisema katikati ya swali lako kama vile unapita tu, kwamba atakuwa anajisomea mwenyewe bila mtu wa kumuuliza, hicho kwangu kina uzito kuliko hayo majina matano yote. Kitabu cha kutumia darasani kinaweza kuruka hatua, mwalimu yupo atajazia ubaoni. Kitabu cha mtu anayejisomea hakina ruhusa ya kuruka, kikiruka yeye anabaki anatumbua macho saa nzima kwenye mstari mmoja, alafu anafunga daftari anasema hesabu ngumu. Kumbe hesabu haikuwa ngumu, mwandishi alikuwa na haraka.

Kwa hiyo usichague kwa unene, usichague kwa jalada (sijui kwanini vitabu vya hesabu lazima viwe na picha ya roketi au daraja), wala usichague kwa sababu kitabu kina topiki nyingi kuliko kingine. Yeye mwenyewe ndo avijaribu kwa kalamu. Mpeleke vilipo hivyo vitabu, iwe maktaba, dukani au kwa rafiki zake walionavyo, akiwa na karatasi tupu, na achague topiki moja anayoijua nusunusu. Hapo kwenye nusunusu ndo kwenyewe: akichukua topiki aliyoiva nayo kila kitabu kitaonekana kinaeleweka, na akichukua asiyoijua kabisa vyote vitaonekana Kichina.

Mfano mzuri wa topiki ya hivo kwa mtu anayetoka ngazi ya chini ni kukamilisha mraba, ile ya kuandika mlinganyo wa kipeo cha pili upya uwe na mraba mmoja tu ndani. Tuseme kitabu kinatoa 2x² − 12x + 7. Kitabu kibovu kitakuandikia mstari mmoja kuwa hiyo ni sawa na 2(x − 3)² − 11, basi, twende swali linalofuata. Kitabu kizuri kinatembea: kwanza anatoa 2 nje ya zile mbili za mwanzo tu, inakuwa 2(x² − 6x) + 7. Alafu anakwambia chukua nusu ya 6 ambayo ni 3, andika (x − 3)², lakini hiyo ukiifungua inazaa 9 ambayo haikuwepo, kwa hiyo lazima uitoe: 2[(x − 3)² − 9] + 7. Na hapa sasa ndo penyewe, ile 9 ipo ndani ya mabano na nje kuna 2, kwa hiyo ikitoka inatoka ikiwa 18 na sio 9. 7 kutoa 18 ni −11. Wanafunzi wengi sana wanaandika 7 kutoa 9 wanapata −2 na hawajui walipotelea wapi. Mwandishi aliyewahi kusahihisha madaftari analijua hilo kosa, na utamwona anasimama hapo kabisa anakuonya. Mwandishi ambaye hajawahi anapita kama hakuna kitu. Na mwandishi mzuri zaidi atakwambia hii kazi yote ya nini: kwamba sa hivi unaona kwa macho thamani ndogo kabisa ni −11 na inatokea x ikiwa 3, bila kuchora grafu yoyote.

Sasa mdogo wako asome huo mfano, afunge kitabu, aufanye upya kwenye karatasi tupu, akimaliza afungue zoezi afanye swali la kwanza na la nne hivi. Dakika 20 kwa kitabu kimoja zinatosha kabisa. Akikwama, arudi aangalie alikwama wapi: ni pale kitabu kiliporuka hatua, au ni pale ambapo yeye aljebra yake ya chini ina shimo? Hivyo ni vitu viwili tofauti. Cha kwanza ni kosa la kitabu, kiache. Cha pili kitamfuata kwenye kitabu chochote utakachomnunulia, nitakirudia mbele.

Kwanini naisisitiza hii mifano iliyosolviwa? Maana sio mapenzi yangu tu, mwaka 1985 John Sweller na Graham Cooper walichapisha majaribio yao kwenye aljebra, kundi moja la wanafunzi wakapewa maswali wasolvu tu, kundi lingine wakawa wanasoma mfano uliosolviwa kisha wanafanya swali linalofanana nao, mfano kisha swali, mfano kisha swali. Hawa wa pili walipopewa maswali ya aina ileile baadaye walitumia muda mfupi na makosa yakawa machache. Sababu yake inaeleweka, mtu mgeni kwenye topiki akirushwa kwenye swali bila mfano akili yote inaishia kuhangaika kutafuta njia, haibaki nafasi ya kuona njia yenyewe ikoje. Ila tahadhari, hii ni ya mwanzo wa topiki. Akishaiva, mifano mingi inamdumaza, anakuwa anasoma kama anasoma gazeti anaitikia "ndiyo ndiyo nimeelewa" wakati mkono haujagusa karatasi. Kwa hiyo kitabu unachotaka kina mifano mingi mwanzoni mwa sura na inapungua unavyosogea, mwishoni maswali yanabaki yenyewe.

Baada ya mifano njoo kwenye mazoezi, na hapa ndo watu wengi wanapoangalia kitu kisicho chenyewe. Wanahesabu maswali. "Hiki kina maswali elfu mbili!" Sawa, lakini yamepangwaje? Kuna vitabu zoezi zima ni swali moja limebadilishwa namba mara 30. Mwanafunzi anafanya la kwanza kwa shida, la pili kwa wepesi, kuanzia la tatu hafikirii tena anaiga tu mkono wake mwenyewe, na anajisikia ameiva kweli. Mtihani ukija maswali yamechanganywa, hakuna kichwa cha habari juu yake kinachomwambia hili ni la topiki gani, anakaa pale anaduwaa.

Hili nalo lilipimwa. Doug Rohrer na Kelli Taylor mwaka 2007 walichukua wanafunzi wa chuo wakawafundisha kutafuta ujazo wa maumbo manne yasiyo ya kawaida. Kundi moja walifanya maswali ya umbo moja yakaisha ndo wakaenda umbo la pili, kundi lingine maswali yalikuwa yamechanganywa. Wakati wa mazoezi yenyewe wale wa umbo mojamoja walitamba, wastani 89%, wenzao 60%. Wiki moja baadaye wakapewa jaribio, wale waliotamba wakapata 20% na wale waliochanganyiwa 63%. Soma tena hizo namba maana zinageuka kabisa. Kwa hiyo ukifungua kitabu usiangalie zoezi la kwanza la sura, angalia la mwisho: je kuna zoezi la kuchanganya sura nzima? Na kila baada ya sura tatu nne kuna zoezi linalorudisha ya nyuma? Kama hakuna sio lazima ukiache, maana zile pasti pepa zitafanya hiyo kazi, ila jua mapema kuwa hilo ni pengo atakalolijaza mwenyewe.

Sasa kuna kitu cha tatu, hiki mdogo wako hawezi kukipima bado maana hajafika topiki hizo, lakini wewe hata kama hesabu ulizitupa zamani unaweza kukikagua kwa macho tu ukijua pa kuangalia. Nakiita uaminifu wa kitabu: je mwandishi anakwambia kanuni inafanya kazi lini na lini haifanyi? Kuna kurasa ambazo mimi nikishika kitabu kipya nazikimbilia.

Ya kwanza ni milinganyo ya trigonometria. Tafuta swali kama sin 2x = cos x kati ya nyuzi 0 na 360. Ukifungua sin 2x inakuwa 2 sin x cos x = cos x, na kishawishi kikubwa hapo ni kugawa pande zote kwa cos x, unabaki na sin x = ½, majibu nyuzi 30 na 150, safi, umemaliza. Hujamaliza bwana. Ukigawa kwa cos x umetupa yale majibu ambayo cos x yenyewe ni sifuri, yaani 90 na 270. Njia sahihi ni kuhamisha kila kitu upande mmoja na kutoa cos x kama kigawo, unapata majibu manne. Kitabu kinachogawa kimyakimya na kutoa majibu mawili rudisha kwenye shelfu, sitanii. Kinachokuonyesha kosa lenyewe na kukwambia kwanini usigawe kwa kitu kinachoweza kuwa sifuri, huyo ni mwalimu.

Kwenye logarithimu napo pana mtego kama huo. Logi ya x kutumia kizio 2 ukijumlisha na logi ya (x − 2) kizio hichohicho iwe 3, ukiifanya inakuwa x² − 2x − 8 = 0 na unapata 4 na −2. Kitabu lazima kikwambie −2 inatupwa, na zaidi ya hapo kikwambie kwanini: logi ya namba hasi haipo kwenye hizi namba zetu za kawaida. Kitabu kikiandika majibu yote mawili pale nyuma, basi na mengine usiyaamini.

Alafu ukurasa ninaoupenda kuliko yote, mtanuko wa bainomia wa vipeo ambavyo sio namba nzima chanya, yaani kufungua mabano kama (1 − x) yenye kipeo cha −1, ambayo ndo 1/(1 − x). Wengi wanaandika 1/(1 − x) ni sawa na 1 + x + x² + x³ na kuendelea, wanapita. Weka x = 2 uone. Kushoto unapata −1. Kulia unapata 1 + 2 + 4 + 8 na inazidi kupanda. Namba zote chanya zimejumlishwa eti jibu hasi! Sharti ni kwamba x lazima iwe kati ya −1 na 1, na kitabu kizuri hakikuandikii hilo sharti kwa herufi ndogo pembeni, kinakufanyia hichohicho nilichokifanya hapa ili ulione likivunjika. Mwanafunzi aliyeonyeshwa hivo hasahau sharti, aliyeambiwa tu "kumbuka sharti" analisahau kwenye pepa.

Na mwisho radiani, kile kipimo cha pembe ambacho mzunguko mzima ni 2π badala ya nyuzi 360. Kwenye difrensiesheni (kutafuta kasi ya mabadiliko) ya sin x kupata cos x, hiyo ni kweli tu kama pembe imepimwa kwa radiani, ukitumia nyuzi inaingia π/180 mbele yake. Angalia kama sura ya radiani inakuja kabla, na kama mwandishi anasema hata sentensi moja kuwa ndo sababu ya kuzihitaji. Vitabu vingi vinaleta radiani kama kipimo kingine tu cha kumsumbua mtoto, haelezwi ni za nini.

Topiki na silabasi sina mengi. Chukua silabasi yao, weka tiki kwa kila topiki iliyomo, kikifikisha sehemu kubwa inatosha, zile zinazokosekana atazisoma kwingine. Ila usiishie kwenye majina ya sura maana majina yanadanganya. Mitaala haifanani, kuna inayoweka mekaniksi na takwimu humohumo na kuna inayotenganisha, kuna yenye namba changamano na matriksi na kuna isiyonazo. Na hata topiki ikiwa na jina lilelile kina chake kinatofautiana. Angalia vitenzi: silabasi ikisema "thibitisha" kanuni na kitabu kinaishia "tumia" kanuni, hapo kuna kazi haijafanywa.

Majibu ya nyuma. Mtu anayejisomea bila majibu ni sawa na anayerusha mawe gizani, hajui kama amepiga. Kwa hiyo kwake majibu ni lazima, na yawe ya maswali yote, sio ya namba witiri tu kama vitabu vingine vinavyofanya kwa ajili ya walimu kutoa homuweki. Majibu ya mwisho tu bila hatua mimi nayaona bora kwa kitabu kikuu, maana hatua zikiwepo karibu jicho linakimbilia huko kabla hajahangaika vya kutosha. Fanyeni maswali matano mkalinganishe. Jibu moja likipishana usikimbilie kulaumu kitabu wala mdogo wako, rudishia jibu kwenye swali uone lipi linakubali. Kitabu kisicho na kosa hata moja hakuna, hasa chapa ya kwanza, lakini ukikuta mawili kwenye matano hicho achana nacho.

Umeuliza kimoja au vingi. Kimoja kikuu, na kimoja cha kuchotea maswali, basi. Mwanafunzi mwenye vitabu vitano anasoma sura ya kwanza mara tano. Utamkuta anaijua milinganyo ya kipeo cha pili kwa waandishi wote na intigresheni (kinyume cha difrensiesheni) hajaigusa. Kikuu ndo anachofuata kutoka ukurasa wa kwanza, kingine anakifungua tu kikuu kikimshinda kwenye topiki fulani, maana maelezo ya mtu mwingine wakati mwingine yanafungua pale pale palipofunga.

Na hapa niseme kuhusu vile vitabu vya maswali yaliyosolviwa, na madesa yanayozunguka, na mikusanyo ya pasti pepa. Vina kazi yake, tena kubwa, miezi ya kuelekea mtihani. Ila sio vitabu vya kufundishia. Vinakuonyesha swali hili lilifanywa hivi, havikwambii ungejuaje kuwa lifanywe hivi. Mtoto anayeanza navyo anakariri sura za maswali, swali likigeuzwa kidogo tu kaisha. Na kwa upande mwingine usije ukamnunulia lile libuku la kalkulasi la chuo kikuu lenye kurasa elfu na kitu kwa sababu kuna mtu kakwambia "ukiliweza lile hakuna kitakachokusumbua". Zuri sana, lakini linamdai awe ameshaiva aljebra, na kulibeba tu ni mazoezi ya viungo.

Turudi kwenye lile shimo la aljebra ya chini nililosema. Kabla hujalipa hela ya kitabu chochote mpe vitu vichache afanye bila kikokotoo: ajumlishe 1/x na 1/(x + 1), afungue (a + b)², arahisishe 2³ mara 2⁻⁵, atoe r kwenye V = ⅓πr²h. Akiandika kuwa (a + b)² ni a² + b², au akijumlisha hizo sehemu kwa kujumlisha juu na juu chini na chini, basi tatizo lake la miezi miwili ya kwanza sio kitabu cha sekondari ya juu. Atafute kitabu chenye sura ya marudio mwanzoni, tena ile ndefu yenye mazoezi, sio kurasa mbili za kanuni. Au arudie kitabu chake cha ngazi ya chini, hicho anacho tayari na ni bure. Walimu wengi tunaliona hili: wanaoanguka kwenye difrensiesheni wengi wao difrensiesheni wameielewa, wanaanguka kwenye kurahisisha jibu.

Toleo la zamani: linafaa, hesabu hazijaoza. Kukamilisha mraba kulikuwepo kwa al-Khwarizmi karne ya 9 na kupo vilevile. Vitabu vya zamani vingine vina maelezo mazuri kuliko vipya, maana havikujazwa visanduku vya rangi na picha za watoto wanaocheka. Angalia tu mambo mawili. Kwanza kilichozeeka kweli, kile chenye majedwali ya logarithimu na ya sin na cos kurasa za nyuma, kitamfundisha kufanya mahesabu kwa majedwali ambapo leo anatumia kikokotoo, hizo kurasa aruke, na sura ya takwimu aisome kwenye kipya zaidi. Pili, kama mwalimu wao anatoa homuweki kwa namba, "zoezi la 5B swali la 3 mpaka la 8", toleo tofauti linaweza kuwa na maswali mengine kabisa kwenye namba hizohizo, kwa hiyo aulize kwanza darasani wanatumia toleo lipi.

PDF na kopi nazo sawa kama zimepatikana kihalali, lakini zikague kwa ukaribu. Hesabu inakaa kwenye alama ndogondogo, na skani mbaya inazila: 2ˣ inageuka 2x, alama ya kutoa inafifia hadi haionekani, nukta ya desimali inapotea, mstari wa sehemu unakatika. Mtoto anasolvu swali sahihi kabisa la kitabu kingine alafu anashangaa jibu haliji. Fungua sura ya vipeo na sura ya intigresheni, vuta karibu kwenye namba za juu kabisa na za chini kabisa pembeni ya alama ya intigro, kama unazisoma bila kubahatisha basi hiyo skani ni nzima. Na kama atasomea kwenye simu, zile kurasa za mifano mirefu azichapishe, kuvuta kioo juu chini katikati ya mfano wa mistari 12 kunamkatisha mawazo kila sekunde.

Mkishajaribu hivyo vitano niandikie vipi viwili vimebaki na alikwama mstari gani kwenye kila kimoja, nitakwambia kama ni kitabu au ni msingi.